Hedy Lamarr hakuvumbua WiFi. Alivumbua nini basi?

Kila mwaka Machi inapokaribia, na Siku ya Wanawake ikiwa mlangoni, picha moja huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwanamke mrembo wa zamani, picha nyeusi na nyeupe, nywele zimegawanywa katikati. Chini yake maandishi: huyu ndiye mwigizaji wa Hollywood aliyevumbua WiFi, Bluetooth na GPS, jeshi la Marekani likamwibia, akafa maskini. Wapo wanaoongeza kwamba alikuwa jasusi. Halafu wanatokea wabishi: uongo mtupu, mwigizaji wa filamu za mapenzi avumbue WiFi kwa elimu ipi?

Wote wamekosea, ingawa hawajakosea kwa kiasi kimoja. Mwanamke huyo ni Hedy Lamarr, na hataza yake ipo, ina namba na tarehe, mtu yeyote mwenye bando anaweza kuisoma leo. Ila ukiisoma hutaikuta WiFi humo. Utakuta kitu kingine, cha ajabu zaidi kwa maoni yangu: karatasi yenye matobo, ya zile piano zinazojipiga zenyewe, imefungwa ndani ya topedo, yaani bomu linalokimbia majini kuifuata meli ya adui.

Kabla ya kufika huko, tuwekane sawa kwenye maneno matatu.

Masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi la redio kwa sekunde moja. Mtangazaji anaposema uko naye 100 FM, anakutajia mitetemo milioni 100 kwa sekunde. Redio yako inamsikia yeye na si mwingine kwa sababu umeisogeza hapo hapo.

Kukwamisha mawimbi ni kurusha kelele kwenye masafa ya mwenzako, kwa nguvu kumshinda, ili anayesikiliza asiambulie kitu. Kwa jeshi hiyo ni silaha kama silaha nyingine.

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, kwa muda maalumu, naye kwa upande wake auweke wazi kwa maandishi. Marekani enzi hizo muda wenyewe ulikuwa miaka 17 tangu hati kutolewa. Hataza haimlipi mtu mshahara. Asipotokea wa kuitumia ikiwa hai, inakwisha muda wake na mwenyewe hajapata senti.

Sasa tumjue mwenyewe. Alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 9 Novemba 1914, jina lake Hedwig Eva Maria Kiesler. Baba alikuwa mkubwa wa benki, mama mpiga piano aliyetokea Budapest, wote wa asili ya Kiyahudi. Hedy alikuwa akisimulia kwamba baba yake alipenda kutembea naye mjini akimfafanulia mashine moja baada ya nyingine, hii inafanyaje kazi, ile inapata wapi nguvu. Chuo cha uhandisi hakukanyaga. Aliacha masomo akiwa binti mdogo akaenda kuomba kazi studio za filamu.

Mwaka 1933, kabla hajatimiza miaka 19, ilitoka Ekstase, filamu iliyotengenezwa Chekoslovakia na mwongozaji Gustav Machatý. Kuna sehemu anaonekana mtupu. Ilikuwa kashfa ya Ulaya nzima, na ikamfuata mpaka uzeeni. Mwaka huohuo akaolewa na Fritz Mandl, tajiri wa viwanda vya risasi na silaha aliyekuwa swahiba wa watawala wa kifashisti wa Austria na wa Mussolini kule Italia. Mume alikuwa na wivu wa kupindukia, na mke akawa pambo la meza ya chakula, ameketi kimya huku wageni wakizungumza biashara ya silaha.

Hadithi ya ujasusi inaanzia kwenye meza hiyo. Watu wanasema aliiba siri za topedo za Wajerumani akakimbia nazo Marekani. Hakuna ushahidi wa siri yoyote iliyoibwa. Inawezekana kabisa kwamba pale mezani alisikia tatizo, yaani topedo ikishafyatuliwa haielekezeki tena, na ukiielekeza kwa redio adui ataikwamisha. Suluhisho hakulisikia pale. Na zile simulizi za Hitler kula chakula nyumbani kwao zinatoka kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 1966, kilichoandikwa na waandishi wa kukodiwa. Hedy mwenyewe alikwenda mahakamani kukikana.

Mwaka 1937 alimtoroka Mandl. Alitorokaje? Alilisimulia jambo hilo kwa namna zaidi ya moja, maarufu kuliko zote ikiwa ile ya kuvaa nguo za mtumishi wa ndani. Alifika London, akakutana na Louis B. Mayer, bosi wa studio ya MGM, aliyekuwa akizunguka Ulaya kuokota waigizaji kwa bei ya kutupa. Mayer akataja dola 125 kwa wiki. Hedy akakataa. Kisha akakata tiketi ya meli ileile aliyosafiria Mayer, Normandie, na kabla haijatia nanga New York alikuwa na mkataba wa miaka saba wa dola 500 kwa wiki, pamoja na jina jipya. Lamarr lilitokana na Barbara La Marr, nyota wa filamu zisizo na sauti aliyefariki mwaka 1926.

Mkataba wa studio wa wakati ule tusiuchukulie kama mikataba ya wasanii wa leo. Mwigizaji alilipwa kwa wiki, awe kazini au nyumbani, na studio ndiyo iliyomchagulia filamu. Iliweza kumwazima kwa kampuni nyingine, na akikataa kazi inamsimamisha bila malipo. Filamu yake ya kwanza Marekani, Algiers ya mwaka 1938 akiwa na Charles Boyer, ilikuwa ya kuazimwa namna hiyo. Ilimpa umaarufu wa usiku mmoja, na ikawapa MGM fomula: mweke mbele ya kamera, mwanga umpige vizuri, maneno yawe machache.

Fomula hiyo ilifika mbali. Mwaka 1942 walimpaka rangi ya kahawia akacheza Tondelayo, mwanamke mtongozaji wa kwenye shamba la mpira Afrika, katika filamu ya White Cargo. Kwa sababu kanuni za Hollywood zilikataza mapenzi ya mzungu na mtu mweusi kwenye skrini, hati ya filamu ilibadilishwa, Tondelayo akageuzwa kuwa nusu Mmisri nusu Mwarabu. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kucheka au kununa, vyote ni halali. Ninachotaka ukumbuke ni mwaka: 1942. Mwanamke aliyekuwa akizungusha kiuno kwenye filamu hiyo ndiye aliyepewa hataza mwaka huohuo.

Mwenzake kwenye hataza hiyo ni mtu anayesahauliwa karibu na kila anayesambaza ile picha. George Antheil alikuwa mtunzi wa muziki, Mmarekani aliyejulikana Paris mwaka 1926 kwa kazi yenye fujo iliyoitwa Ballet Mécanique. Alitaka piano nyingi zinazojipiga zenyewe zipige kwa pamoja bila kupishana hata chembe, na mitambo ya wakati ule ikamshinda. Piano hizo zinasoma karatasi ndefu iliyoviringishwa. Karatasi ina matobo. Tobo likipita mahali pake, hewa inavutwa, ufunguo unashuka. Safu za matobo ni 88 kwa sababu piano ina funguo 88.

Hedy na Antheil walikutana Hollywood mwaka 1940. Mwezi Septemba mwaka huo nyambizi ya Ujerumani iliizamisha City of Benares, meli iliyokuwa imebeba watoto wa Kiingereza wanaohamishwa Kanada kukimbia mabomu. Watoto 77 waliokuwa kwenye mpango huo wa kuhamishwa walikufa. Vita haikuwa habari ya mbali kwa mwanamke wa Kiyahudi aliyekuwa na mama yake bado upande wa pili wa bahari. Wakaanza kufikiria topedo.

Tatizo tayari unalijua: ukiongoza topedo kwa redio kwenye masafa mamoja, adui akiyagundua anapiga kelele hapo hapo na kazi imekwisha. Wazo lao lilikuwa usikae kwenye masafa mamoja. Chukua wanafunzi wawili wa bweni wanaotaka kuongea bila mwalimu wa zamu kuwasikia. Wameandikiana ratiba mapema: dakika ya kwanza chini ya mwembe, ya pili nyuma ya jiko, ya tatu kwenye ngazi za bwalo, kisha mwembeni tena. Mwalimu akinasa neno moja mwembeni na kukimbilia huko, wamekwishahama, na hajui wameelekea wapi. Wao hawatafutani, kwa sababu kila mmoja ana nakala ya ratiba, na saa zao zinakwenda sawa.

Ugumu wote umejificha kwenye ile ratiba na zile saa. Mtu kusema tu "tuwe tunabadilisha masafa" si uvumbuzi. Topedo iko baharini inakimbia, meli iko maili kadhaa nyuma. Itajuaje ihamie wapi, na lini? Jibu la Hedy na Antheil ni ule mviringo wa karatasi. Mmoja unakaa kwenye meli, mwingine unaofanana nao kabisa unakaa ndani ya topedo. Topedo inapofyatuliwa, mashine zote mbili zinaanza kuzungusha karatasi kwa wakati mmoja na kwa mwendo mmoja. Tobo likipita kwenye meli, mtambo wa kurushia unahamia masafa fulani. Tobo hilohilo linapita ndani ya topedo, mtambo wa kupokea unahamia huko huko. Hati inasema wazi kwamba karatasi ya kawaida ya piano ina safu 88, kwa hiyo masafa yanaweza kufika 88.

Kuna kipengele kimoja kwenye michoro yao ninachokipenda kuliko vyote. Mtambo wa meli umechorwa ukiwa na masafa saba, wa topedo una manne tu. Yale matatu ya ziada ni ya kumdanganya adui: meli inarusha amri za uongo kwenye masafa ambayo topedo haisikilizi kabisa. Adui anaweza kukesha akiyakwamisha hayo. Nani kati yao alikuja na kipi, hatuwezi kuligawa kwa rula, ila Antheil mwenyewe alikuwa akisema kwamba wazo la msingi lilikuwa la Hedy. Upande wa umeme walisaidiwa na Samuel Mackeown, profesa wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California.

Maombi yaliwasilishwa tarehe 10 Juni 1941. Hataza namba 2,292,387 ilitolewa tarehe 11 Agosti 1942, jina lake kwa Kiswahili likiwa Mfumo wa Siri wa Mawasiliano. Mvumbuzi ameandikwa Hedy Kiesler Markey, jina alilolipata kwa mume wake wa pili, Gene Markey. Ndiyo maana kwa miaka mingi mhandisi angeweza kuisoma hati hiyo bila kujua kwamba huyo Bi. Markey ndiye yule wa kwenye sinema. Haikuwa siri nzito hivyo, lakini. Gazeti la New York Times lilikwishaandika mwezi Oktoba 1941 kwamba mwigizaji huyo amebuni kifaa cha ulinzi, bila kueleza ni kifaa gani.

Jeshi la majini la Marekani lilikataa kuutengeneza mfumo huo. Hapa ndipo wengi wanaposema walidharauliwa kwa sababu mmoja ni mwanamke mrembo na mwingine mtunzi wa muziki, na dharau sidhani kama ilikosekana. Antheil aliandika kwa uchungu kwamba kosa lao lilikuwa kutaja piano: wakubwa waliposikia neno hilo wakaona wanaambiwa waingize piano nzima ndani ya topedo. Ila tusiwafanye maofisa hao wajinga. Topedo za kawaida za Marekani zenyewe zilikuwa aibu wakati huo. Ile iliyoitwa Mark 14 ilikuwa ikipita chini mno ya meli za Wajapani, au inalipuka kabla ya wakati, au inagonga meli kwa kishindo na isilipuke, na ilichukua sehemu kubwa ya miaka 1942 na 1943 kuirekebisha. Jeshi ambalo topedo yake haiwezi kulipuka halina hamu ya kuiongezea karatasi, pampu za hewa na saa. Tena hakuna aliyewahi kuonyesha mfano unaofanya kazi, maana haukutengenezwa.

Hedy akaenda kuchangisha fedha za vita kwa njia iliyozoeleka kwa nyota wa filamu, kuuza hati za mkopo wa serikali kwenye mikutano ya hadhara.

Sasa twende kwenye WiFi. Teknolojia zinazotajwa kwenye ile picha zote zina asili moja ya kufikiri: badala ya kubana ujumbe kwenye kipande chembamba cha masafa, utawanye kwenye eneo pana. Kuna namna kadhaa za kutawanya. Kurukaruka kutoka masafa hadi masafa ni mojawapo, nayo ndiyo ya Hedy na Antheil.

Bluetooth inarukaruka kweli. Spika yako unapoiunganisha na simu, kwa mfumo wa kawaida wanahama pamoja hadi mara 1,600 kwa sekunde katika njia 79, kwa mpangilio wanaoujua wao wawili, na njia yenye kelele wanaikwepa. Ukitaka kumtaja Hedy mahali, mtaje hapa, kwa sababu kinachotokea kinafanana na ratiba yake ya matobo.

GPS hairukiruki. Setilaiti zake zinarusha kwenye masafa yaleyale, kila moja na msimbo wake, na simu inazitambua kwa misimbo hiyo. Ni namna nyingine kabisa ya kutawanya.

WiFi ndiyo inayochanganya, kwa sababu uvumi una chembe ya ukweli. Kiwango cha kwanza cha WiFi, cha mwaka 1997, kiliruhusu njia tatu za kurusha data, na mojawapo ilikuwa ya kurukaruka. Miaka miwili baadaye kiwango kilichofuata, kile kilichoifikisha WiFi majumbani, kiliiacha njia hiyo. Rauta ya leo inagawa data katika vijito vingi vidogo na kuvirusha kwa pamoja, jambo lililofanyiwa kazi na wahandisi wengi wa nchi mbalimbali, wakiwemo wale wa shirika la utafiti la CSIRO nchini Australia. Karatasi ya piano haimo.

Na hata huko kurukaruka, Hedy hakuwa wa kwanza duniani. Nikola Tesla aligusia wazo la kutumia masafa zaidi ya mamoja katika hataza zake za mwaka 1903. Kitabu cha Mjerumani Jonathan Zenneck cha mwaka 1908 kinalitaja. Mholanzi Willem Broertjes alipewa hataza Marekani mwaka 1932 kwa mfumo wa kubadilisha masafa ili usinaswe. Hilo halimpunguzii kitu. Hataza haitolewi kwa wazo la jumla, inatolewa kwa namna mahususi ya kulitekeleza, na namna ya Hedy na Antheil, miviringo miwili inayokwenda sambamba pamoja na masafa ya uongo, ilikuwa yao.

Je, aliibiwa? Hataza iliisha muda wake mwaka 1959, mwaka ambao Antheil alifariki. Mhandisi mmoja aliyefanya kazi za jeshi alisimulia miaka mingi baadaye kwamba katika miaka ya 1950 alikabidhiwa maelezo ya uvumbuzi huo alipokuwa akibuni boya la kusikiliza nyambizi. Huenda basi wazo lilipita mikononi mwa watu bila Hedy na Antheil kulipwa. Lakini yale mabilioni ya dola anayosemekana kudhulumiwa yamehesabiwa kwa vifaa vilivyoingia sokoni miongo mingi baada ya 1959, wakati hati ilikwishakuwa mali ya umma. Hata angekuwa na mawakili bora wa New York, dai hilo lisingesimama.

Kilichomla Hedy kilikuwa Hollywood. Alijaribu kujitoa, akashiriki kutayarisha filamu zake mwenyewe, The Strange Woman ya mwaka 1946 na Dishonored Lady ya mwaka uliofuata, hatua ambayo nyota wachache wa kike waliithubutu. Mwaka 1949 alimcheza Delila katika Samson and Delilah ya Cecil B. DeMille, filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zake zote. Baada ya hapo kazi zikapungua. Alionekana kwenye televisheni mara chache, ikiwemo tamthilia ya Zane Grey Theatre mwaka 1957, na filamu yake ya mwisho ilitoka 1958. Alikuwa na miaka 43. Aliolewa mara sita na kuachika mara sita, akakamatwa mwaka 1966 kwa tuhuma za kuiba dukani asitiwe hatiani, akafanya upasuaji wa uso kwa kurudiarudia, na mwisho akajifungia Florida, akizungumza na watu zaidi kwa simu.

Mwaka 1997 Electronic Frontier Foundation, taasisi ya Marekani inayotetea haki za watu mtandaoni, ikampa tuzo yeye na Antheil kwa ule uvumbuzi. Mtoto wake wa kiume ndiye aliyekwenda kuipokea. Haikuwa na fedha za hataza ndani yake.

Fedha zilitoka kwingine. Kampuni ya programu za kompyuta, Corel, ilitumia mchoro wa uso wake kwenye boksi la programu yake ya kuchorea, CorelDRAW, bila kumwomba. Mwaka 1998, akiwa na miaka zaidi ya 80, aliishtaki, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama. Alifariki Januari 2000. Ile "akafa maskini" unayoisoma kwenye picha nayo si kweli: mirathi iliyogombewa baada ya kifo chake ilitajwa kufikia dola milioni 3.3.